Mahusiano ya majedwali yakigoma: kutoka dalili hadi chanzo

Fomu imejazwa sawasawa, kitufe kimebonyezwa, na programu inajibu kwa kosa la 500. Au ukurasa unafunguka vizuri lakini jina la mteja halipo, ingawa oda yake unaiona. Au ripoti inaonyesha malipo makubwa kuliko fedha zilizoingia. Dalili hizi tatu hazifanani, lakini mara nyingi shina lao ni moja: jedwali moja linadai kuunganishwa na jingine, na muungano huo hauko jinsi msimbo unavyodhani.

Kabla hujabadilisha chochote, kusanya vitu vitatu: ujumbe kamili wa kosa kutoka kwenye logi za seva (si ule uliofupishwa kwa mtumiaji), kwiri halisi (amri ya SQL) iliyotumwa pamoja na thamani zake, na muundo wa majedwali kama ulivyo ndani ya hifadhidata yenyewe. Hiki cha tatu ndicho watu wengi hukiruka. Wanafungua faili za modeli (msimbo unaoeleza majedwali), wanaona uhusiano umeandikwa vizuri, wanaamini. Modeli inaeleza alichokusudia mwandishi wa msimbo. Hifadhidata inaeleza kilichopo. Kwenye MySQL andika `SHOW CREATE TABLE oda;` na kwenye PostgreSQL, ukiwa ndani ya psql, andika `\d oda`. Soma masharti yaliyo chini kabisa ya majibu, moja baada ya jingine.

Katika mifano nitatumia majedwali ya `wateja`, `oda`, `oda_bidhaa` na `malipo`. Jedwali la `oda` lina safu ya `mteja_id` inayotaja `id` ya `wateja`, kwa hiyo `wateja` ni mzazi na `oda` ni mtoto. Sharti linalolinda muungano huo ndani ya hifadhidata huitwa ufunguo wa nje. Nikisema safu namaanisha ile ya wima. Mstari ni rekodi moja.

## Anza na namba ya kosa

Maneno ya ujumbe hubadilika kulingana na fremuweki (mfumo wa kujengea programu, kama Django au Laravel), ila namba hubaki ileile. Kwenye MySQL na MariaDB, 1452 ina maana mtoto amekataliwa kwa sababu mzazi anayetajwa hayupo. 1451 ni kinyume chake: mzazi hafutiki wala habadilishiki ufunguo kwa sababu bado ana watoto. 1215, na 3780 kwenye MySQL 8.0, hutokea wakati wa kuunda ufunguo wa nje, kabla hata data haijaguswa. Usiishie kwenye 23000 ambayo fremuweki nyingi huitanguliza. Hiyo ni namba ya ukoo mzima wa makosa, likiwemo la thamani kujirudia, yaani 1062, ambalo halihusiani na mzazi wala mtoto.

PostgreSQL kwa kawaida hutoa 23503 kwa pande zote mbili za uhusiano, mtoto kukataliwa na mzazi kutofutika, hivyo lazima usome mstari wa `DETAIL` unaofuata. Ukiona `is not present in table`, mzazi anakosekana. Ukiona `is still referenced from table`, mtoto ndiye anayezuia. 23502 ni safu iliyoachwa tupu wakati haikuruhusiwa kuwa tupu, na 23505 ni thamani iliyojirudia.

SQLite ni bahili wa maelezo. Husema tu `FOREIGN KEY constraint failed` bila kutaja ni sharti gani limevunjwa. Hapo itabidi utumie `PRAGMA foreign_key_check;`, ambayo huorodhesha mistari yote iliyopoteza wazazi katika data iliyokwisha kuhifadhiwa.

## Mtoto anakataliwa

Hili ndilo kosa linalojitokeza zaidi, na lina vyanzo vingi kuliko linavyoonekana. Chukua thamani halisi iliyo kwenye kwiri, tuseme `mteja_id = 812`, kisha uliza hifadhidata ileile ambayo programu inaitumia:

```sql
SELECT id FROM wateja WHERE id = 812;
```

Nimesisitiza hifadhidata ileile kwa sababu si ajabu kukuta faili la mazingira linaelekeza programu kwenye seva moja huku wewe ukiangalia nyingine.

Jibu likiwa tupu, rudi nyuma kwenye fomu. Orodha ya kuchagua ambayo mtumiaji hakuigusa hutuma maandishi matupu. MySQL isiyo katika hali kali (strict mode, ile inayokataa thamani isiyofaa) huyageuza kuwa 0 na kutoa onyo tu, kisha inatafuta mteja namba 0, inamkosa, na unapata 1452. Hali kali imekuwa chaguo-msingi tangu toleo la 5.7, lakini seva nyingi za zamani zilizimwa hali hiyo na hazijarudishwa hadi leo. Suluhisho halisi liko kwenye msimbo: uhusiano usio wa lazima uhifadhiwe kama `NULL`, kamwe usiwe 0 wala maandishi matupu. Safu ya ufunguo wa nje yenye `NULL` haikaguliwi, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Mzazi akiwepo unapomtafuta lakini kosa linaendelea, angalia muda. Huenda mteja anasajiliwa ndani ya muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa kwa pamoja) ambao haujathibitishwa, huku oda yake ikiandikwa kupitia muunganisho mwingine. Hifadhidata mbili kubwa huonyesha hali hii kwa sura tofauti kabisa, na tofauti hiyo hupoteza watu njia. PostgreSQL haimwoni mzazi ambaye hajathibitishwa, kwa hiyo hukataa papo hapo. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, husubiri muamala wa kwanza umalizike. Usipomalizika, baada ya sekunde 50 kwa mpangilio wa kawaida unapata kosa 1205 la kusubiri kufuli, na unaanza kuhangaika na kufuli ilhali tatizo ni mpangilio wa kazi.

Ndugu yake wa karibu ni kazi za foleni, zile zinazotekelezwa pembeni na mchakato mwingine. Programu inamsajili mteja, inaweka kazi kwenye foleni, kisha ndipo inathibitisha muamala. Mfanyakazi wa foleni akiwa mwepesi, anaianza kazi kabla ya uthibitisho na hamwoni mteja. Dalili yake kuu ni kutokea mara moja moja: leo sawa, kesho kosa, na ukijaribu mwenyewe kwenye kompyuta yako halitokei. Usitibu kwa kuongeza sekunde za kusubiri, maana siku seva ikielemewa litarudi. Fremuweki zina njia ya kusubiri uthibitisho wenyewe: Django ina `transaction.on_commit`, na Laravel ina `afterCommit`.

Kuna chanzo kimoja ambacho huwatesa wanaotumia namba kubwa za utambulisho. JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kwa namna ambayo namba kamili ni za uhakika hadi 9007199254740991 tu. Ikivuka hapo, 9007199254740993 hugeuka kuwa 9007199254740992 bila onyo lolote. Kivinjari kinapokea namba sahihi, kinarudisha namba jirani, na seva inasema mzazi hayupo. Linganisha tarakimu za mwisho za namba iliyotoka na iliyorudi. Kama zinatofautiana, tuma namba hizo kama maandishi ndani ya JSON na mambo yatatulia.

Mwisho, na hili linahitaji jicho la makini: ufunguo wa nje unaweza kuwa unaelekea jedwali lisilo sahihi. Mtu alibadilisha jina la `wateja` kuwa `wateja_zamani`, akaunda `wateja` mpya na kunakili data. Ufunguo wa nje hulifuata jedwali lililobadilishwa jina. Kwa hiyo `oda` bado inatafuta wazazi wake kwenye `wateja_zamani`. Wateja waliokuwepo kabla ya mabadiliko wanaweza kuagiza, wapya wote wanakataliwa. Ukiona mpaka wa namna hiyo, wa zamani wanapita na wapya hawapiti, nenda moja kwa moja kwenye `SHOW CREATE TABLE` na usome neno linalofuata `REFERENCES`.

## Mzazi hafutiki

Hapa hifadhidata inafanya kazi yake. Inakuuliza swali ambalo lilipaswa kujibiwa wakati wa kubuni mfumo: mteja akiondoka, oda zake ziende wapi? `RESTRICT` inazuia kufuta, `CASCADE` inafuta watoto pamoja na mzazi, `SET NULL` inawaacha watoto bila mzazi. Kwa kumbukumbu za fedha ningezuia daima. Kwa vitu visivyo na maana bila mzazi wao, kama vile vikao vya kuingia kwenye akaunti, `CASCADE` inafaa. Usichague `CASCADE` kwa sababu tu imeondoa kosa. Fuata mnyororo hadi mwisho, kwa kuwa oda ikifutwa inaweza kuondoka na malipo yake.

Mambo mawili hushangaza watu hapa. Katika Django, `on_delete=models.CASCADE` kwa kawaida hutekelezwa na Django yenyewe, haiandikwi ndani ya hifadhidata. Ndiyo maana kufuta kupitia programu kunakubali, na kufuta mstari uleule kwa SQL ya mkono kunakataliwa. Na katika MySQL, mistari inayofutwa kwa `CASCADE` haiamshi vichochezi (amri zinazojiendesha data ikibadilika) vya jedwali la mtoto. Kama kumbukumbu zako za ukaguzi zinategemea vichochezi hivyo, zina mapengo.

Kufuta kukikubali lakini kukachukua muda mrefu mno, angalia faharasa, orodha inayoharakisha utafutaji kwenye safu. InnoDB huunda faharasa kwenye safu ya ufunguo wa nje ikiwa haipo. PostgreSQL haifanyi hivyo. Bila faharasa kwenye `oda.mteja_id`, kila mteja anayefutwa hulazimisha jedwali zima la oda kusomwa kutafuta watoto wake.

## Ufunguo wenyewe haukubali kuundwa

Mara nyingi ni aina za safu kutolingana. Kwenye MySQL, safu mbili lazima ziwe na aina moja ya namba, ukubwa mmoja, na zikubaliane kuhusu namba hasi. `INT` haiungani na `BIGINT UNSIGNED`. Tatizo hili lilienea baada ya fremuweki kubadilisha chaguo-msingi zao: Rails ilihamia `bigint` katika toleo la 5.1, na Laravel katika 5.8. Miradi iliyoanza kabla ya hapo ina wazazi wa `INT`, na kila jedwali jipya linazaliwa na safu ya `BIGINT`. Rekebisha safu mpya ifanane na mzazi, au panga siku ya kupanua mzazi na watoto wake wote kwa pamoja.

Funguo za maandishi zina mtego wake: seti ya herufi na kanuni ya ulinganishaji lazima zifanane pande zote mbili. Mambo mengine ya kuangalia haraka: safu ya mzazi haina faharasa, migresheni (faili la kubadilisha muundo wa majedwali) ya mtoto imetangulia ya mzazi, umeomba `SET NULL` kwenye safu iliyoandikwa `NOT NULL`. MySQL ikikupa `errno: 150` bila maelezo, `SHOW ENGINE INNODB STATUS` ina sehemu ya kosa la mwisho la ufunguo wa nje, na hapo sababu imeandikwa waziwazi.

Ufunguo ukikubaliwa bila kosa lakini haufanyi kazi, angalia injini ya jedwali. MyISAM husoma tamko la ufunguo wa nje, hulikubali, kisha hulipuuza. Majedwali yaliyoundwa kabla InnoDB haijawa chaguo-msingi katika MySQL 5.5 bado yapo kwenye mifumo mingi inayotumika.

## Hakuna kosa, lakini data si sahihi

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Kosa lenye namba linapiga kelele na litarekebishwa. Uhusiano unaotoa majibu yasiyo sahihi kimyakimya unaweza kukaa mwaka mzima, na watu wakafanya maamuzi juu yake.

Mfano mbaya zaidi ni jumla zinazovimba. Oda moja ina bidhaa 3 na imelipwa kwa awamu 2. Mtu anaandika kwiri moja inayounganisha `oda` na `oda_bidhaa`, kisha na `malipo`. Hifadhidata inatoa kila bidhaa ikiwa imeoanishwa na kila malipo: mistari 6. Jumla ya malipo inakuwa mara 3 ya ukweli, na jumla ya bidhaa mara 2. Oda yenye bidhaa moja na malipo mamoja inatoa jibu sahihi, ndiyo sababu majaribio ya haraka hayagundui kitu.

Wengi hukimbilia `SUM(DISTINCT kiasi)`. Usifanye hivyo. Oda ikilipwa kwa awamu mbili zenye kiasi sawa, moja itatupwa, na sasa ripoti itapungua badala ya kuzidi. Jumlisha kila upande peke yake kwanza, ndipo uunganishe:

```sql
SELECT o.id, b.jumla_bidhaa, m.jumla_malipo
FROM oda o
LEFT JOIN (SELECT oda_id, SUM(bei * idadi) AS jumla_bidhaa
           FROM oda_bidhaa GROUP BY oda_id) b ON b.oda_id = o.id
LEFT JOIN (SELECT oda_id, SUM(kiasi) AS jumla_malipo
           FROM malipo GROUP BY oda_id) m ON m.oda_id = o.id;
```

Upande wa pili ni mistari inayopotea. `INNER JOIN` huacha nje kila oda isiyo na malipo, na `LEFT JOIN` inaweza kufanya vivyo hivyo ukiweka sharti mahali pasipofaa. Ukiandika `WHERE malipo.hali = 'imekamilika'` baada ya `LEFT JOIN`, oda zisizo na malipo zina `NULL` kwenye safu hiyo, hazitimizi sharti, zinaondoka. Hamishia sharti hilo kwenye `ON`. Kipimo rahisi ni kuhesabu oda kabla na baada ya kuunganisha; hesabu zikitofautiana na hukukusudia, umepata mahali pa kuchimba.

Jina la mteja linapokosekana kwenye oda iliyopo, chunguza ufutaji wa kuficha, ule ambao mstari haufutwi bali unawekewa tarehe kwenye `deleted_at`. Kwa hifadhidata, mteja yupo na ufunguo wa nje umeridhika. Kwa fremuweki, mteja hayupo, na uhusiano unarudisha `null`. Hapo PHP 8 inalalamika kuwa unajaribu kusoma sifa ya `null`. Kuzuia kosa kwa kuonyesha nafasi tupu kunaficha historia ya oda. Kwa Laravel, uhusiano unaohitaji kumbukumbu za zamani uandikwe na `withTrashed()`.

Katika mahusiano ya wengi kwa wengi, jedwali la kati likiwa halina sharti la upekee, kubonyeza kitufe mara mbili kunaingiza jozi ileile mara mbili. Kuchuja nakala hizo kwenye msimbo hakutoshi, kwa kuwa maombi mawili yanaweza kufika kwa wakati mmoja, kila moja likaangalia na kuona jozi haipo. Weka upekee kwenye `oda_id` na `bidhaa_id` kwa pamoja.

## Majaribio yanapita, seva halisi inakataa

Kama unaandika programu kwa SQLite na kuipeleka kwenye PostgreSQL au MySQL, hili litakukuta. SQLite imekuwa na funguo za nje tangu toleo la 3.6.19 la mwaka 2009, lakini kwa kawaida huwa zimezimwa. `PRAGMA foreign_keys = ON;` lazima itolewe kwa kila muunganisho mpya, na ikitolewa katikati ya muamala haifanyi lolote. Baadhi ya fremuweki hukuwashia, Django ikiwemo tangu 2.0. Usikisie; uliza `PRAGMA foreign_keys;` ndani ya majaribio yako na uone kama jibu ni 1. Bora zaidi, fanyia majaribio kwenye aina ileile ya hifadhidata utakayoitumia.

Tofauti nyingine ni wakati wa ukaguzi. Django kwenye PostgreSQL huunda funguo za nje zinazokaguliwa mwisho wa muamala. Kosa litajitokeza wakati wa kuthibitisha, mbali na mstari wa msimbo uliolisababisha. Ukiwa unatafuta, tekeleza `SET CONSTRAINTS ALL IMMEDIATE` mwanzoni mwa muamala, na kosa litatokea pale pale linapozaliwa.

Ukurasa ukiwa mzito tu bila kosa lolote, hesabu kwiri. Oda 50 zinazomtafuta mteja mmoja mmoja hufanya kwiri 51. `select_related` na `prefetch_related` za Django, `with()` ya Laravel na `includes` ya Rails ndizo dawa.

## Kusafisha yatima bila kuwaongeza

Ushauri unaosambaa sana ni kuandika `SET FOREIGN_KEY_CHECKS = 0`, kuingiza data, kisha kurudisha 1. Naupinga kwa nguvu kama njia ya kuondoa kosa. Kurudisha 1 hakukagui yaliyoingia katikati. MySQL inaanza tu kukagua mabadiliko yajayo. Mistari yatima, yaani watoto wasio na mzazi, inabaki ndani ya jedwali linaloonekana kuwa na ulinzi, na kila atakayesoma muundo huo ataamini data ambayo haistahili kuaminiwa.

Ikiwa tayari imefanyika, chukua nakala rudufu kwanza, kisha watafute yatima:

```sql
SELECT o.id, o.mteja_id
FROM oda o
WHERE o.mteja_id IS NOT NULL
  AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM wateja w WHERE w.id = o.mteja_id);
```

Nimetumia `NOT EXISTS` kwa makusudi. `NOT IN` inarudisha orodha tupu endapo orodha ya ndani ina `NULL` hata moja, na utadhani data ni safi. Ni rahisi kunaswa unapotafuta upande wa pili, yaani wateja wasio na oda, maana `mteja_id` inaweza kuwa `NULL`.

Watazame yatima kabla ya kuwafuta. Wakiwa na tarehe zinazokaribiana, kuna uingizaji mmoja wa data ulioharibika, na huenda wazazi wapo kwenye nakala rudufu. Wakitawanyika siku zote, kuna msimbo unaoendelea kuwazalisha, na kusafisha leo ni kazi bure mpaka mlango huo ufungwe. Kwenye PostgreSQL unaweza kuufunga mara moja hata kabla ya kusafisha:

```sql
ALTER TABLE oda ADD CONSTRAINT oda_mteja_fk
  FOREIGN KEY (mteja_id) REFERENCES wateja (id) NOT VALID;
```

Kuanzia hapo mistari mipya inakaguliwa, ya zamani inakusubiri. Rudisha wazazi wanaoweza kurudishwa, amua na wenye data kuhusu wasiorudishika, kisha tekeleza `ALTER TABLE oda VALIDATE CONSTRAINT oda_mteja_fk;`. Kama kuna yatima aliyesalia, amri hiyo itakataa na kutaja namba ya mzazi anayekosekana. Mshughulikie, uirudie amri, mpaka ipite.